Haikutajwa

Kila usiku, saa tatu unusu, vyombo vikishaoshwa,
yule bwana hupiga simu kutafuta chumba.
Ana mafua kidogo. Jina lake hulitaja herufi kwa herufi
kama anayemhesabia sarafu mtu asiyeaminika,
na mke wangu Lijimol huinamia karatasi
vile anavyoinama wodini
kutafuta mshipa kwenye mkono wa kichanga.

Mvua ya Juni haijui mitihani.
Inapiga bati, inapiga mapipa,
inameza namba ya nyumba:
kumi na tatu, au thelathini?
Kwa Kiingereza hao ni ndugu wa tumbo moja,
wametofautiana mkia tu,
na mkia ndio ulioloa.

Mara mbili ameanguka. Si kwa kishindo.
Nusu alama; baada ya miezi minne, nusu alama.
Miaka kumi na mmoja wodi ya watoto, hospitali ya misheni, Pala,
hukisikia kifua kinavyokoroma kabla mama hajashtuka.
Sikio lilo hilo, wamemwandikia, halijatosha.

Mimi hugema mpira.
Saa kumi alfajiri niko mtini, taa kichwani,
kisu kinazunguka gome, maziwa yanafuata mstari.
Kiingereza changu ni cha magunia ya mbolea.
Kazi yangu hapa mezani ni kushika saa, kubonyeza kitufe,
na sasa, aibu yangu, nimeyakariri majibu yote:
ghorofa ya pili, mbwa hawaruhusiwi,
amana ya wiki mbili, basi namba arobaini na sita.
Juzi niliuambia mti bei ya kodi.

Binti yetu Ansu akauliza,
"Akipata chumba, atanyamaza?"
Hatujui. Ukanda hukatika anaposema atapiga tena.
Na kweli, kesho yake, anapiga.

Kisha kusoma.
Habari ya nyuki, ya reli, ya mnara wa taa
kisiwani ambako hatuna mtu,
na chini yake sentensi zinazosubiri hukumu:
kweli, si kweli, haikutajwa.
Hapo ndipo Lijimol hukwama. Kila mara.
Mlinzi wa mnara anawaandikia wanawe kila Jumapili;
swali linasema: mlinzi aliwakumbuka wanawe.
"Kweli," anaandika, kwa wino wa kukandamiza.
Mwalimu Kuruvila anaikata kwa nyekundu:
usilete akili ya nyumbani kwenye karatasi, dada.
Kisichoandikwa hakipo.

Nyumba gani hiyo, ambamo kisichosemwa hakipo?
Kwetu mama amekaa mlangoni, anamenya mbegu za fenesi.
Hajauliza lini.
Hajauliza nani atamkata kucha za miguu,
nani atamsuka Ansu kabla ya kengele ya shule.
Anamenya tu, maganda yanarundikana,
na sisi sote tumeshalijibu swali
bila kukohoa.

Jana umeme ukakatika katikati ya simu.
Bwana wa mafua amekwama kwenye herufi ya nne ya jina lake.
Nikapapasa kiberiti. "Acha," Lijimol akasema,
na gizani akaanza mwenyewe, kwa Kiingereza, tangu mwanzo:
habari za jioni, napiga kuhusu chumba.

Sijui kilichonipata. Nikawa mwenye nyumba.
Chumba kipo, nikasema, kwa sauti ya magunia yangu.
Kodi? Nikataja. Mbwa? Hapana. Basi? Arobaini na sita.
Mama aliacha kumenya.

Kina dirisha? akauliza.

Ukandani mwenye nyumba husema: dogo, linatazama ukuta.
Nikasema: kubwa. Linatazama miti.

Mvua ikapita juu ya bati, ikarudi.
"Hilo halimo," akasema, kwa Kimalayalam.
"Najua."
Nikamsikia anatafuta penseli mezani.
"Rudia," akasema. "Polepole. Niandike."